Njia Ni ya Nani Mbele ya Mungu

Liko swali ambalo mwanasheria hulijibu upesi na mtu wa dini hulijibu polepole, nalo ni hili: njia ni ya nani? Mwanasheria atafungua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, aoneshe Ibara ya 62 inayozihesabu barabara za umma miongoni mwa ardhi ya umma, kisha atafunga kitabu chake na kuiona kazi imekwisha. Lakini mtu aliyepata kusimama alfajiri kando ya barabara itokayo Bungoma kwenda Chwele, akawatazama wakulima wa Kabuchai wanavyoziendesha au kuzisukuma baiskeli zao kwenda sokoni, hii imefungwa tenga la nyanya, hii gunia la vitunguu, hii mikungu ya ndizi iliyopangwa hata ikamfunika mwenyewe, akaona jinsi mpandaji anavyolazimika kuuacha ukingo wa lami na kushuka penye kokoto na mifereji iliyochimbwa na mvua kila lipitapo lori au trekta lenye matrela ya miwa, hawezi kutosheka na jibu hilo. Maana ikiwa kitu ni mali ya wote, na baadhi yao hawakitumii ila kwa kuhatarisha roho zao, basi pana dhuluma inayotendeka mchana mbele ya macho ya watu, na aghalabu haiitwi dhuluma kwa sababu hakuna anayeonekana akiitenda.

Mimi naamini kwamba ni dhuluma, na kwamba dawa yake ya kwanza ni kumwendea mwenye baiskeli pale alipo na kumuuliza, kabla kalamu ya mpimaji haijagusa karatasi. Na kumuuliza huko kulikuwa wajibu wa dini zamani kabla hakujawa takwa la sheria.

Dini zilizofika katika nchi hii hazikulinyamazia jambo la njia. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad aliwaonya masahaba wake wasifanye barabara kuwa baraza, na walipomweleza kuwa hawana mahali pengine pa kuzungumzia, aliwaamuru waipe njia haki yake, na katika haki hizo akahesabu kujizuia na kuwaudhi wapitao. Imepokewa vilevile kwamba imani ina matawi sabini na zaidi, na lililo la chini kabisa ni kuondoa njiani kitu chenye kudhuru. Na kwamba mtu mmoja alisamehewa dhambi zake kwa ajili ya tawi la miiba aliloliondoa katika mapito ya watu. Wengi huyasoma mafunzo haya wakadhani kuwa yahusu mwiba na jiwe tu, vitu ambavyo mkono mmoja waweza kuviokota, ilhali katika zama zetu udhia mkubwa zaidi wa njiani haukuangushwa na upepo: umejengwa, ukapimwa kwa kamba na kulipiwa kwa fedha za hazina, nao ni ule ukingo wa lami ulioinuka shubiri nzima juu ya ardhi, na lile daraja jembamba lisilobakiza nafasi ya mtu wa miguu, na lile kalvati lililoachwa wazi bila ya kizuizi. Ikiwa kuondoa mwiba ni imani, itakuwaje hukumu ya mwenye kuupanda, hata kama aliupanda kwa kughafilika?

Na katika Kumbukumbu la Torati, kitabu kinachosomwa na Marafiki (Quakers), Wakatoliki na Waanglikana wa Kabuchai sawasawa, imo katika sura ya 22 amri ambayo mimbari zetu huipita upesi: ajengaye nyumba mpya na aweke ukuta mdogo pembezoni mwa dari lake, isije damu ikawa juu ya nyumba yake ikiwa mtu ataanguka kutoka huko. Tazama vilivyo amri hii. Mwenye nyumba hakumsukuma mtu, hakumchukia, yamkini hata hakuwako nyumbani siku ya msiba. Walakini damu inahesabiwa kuwa juu ya nyumba yake, kwa sababu alijenga mahali ambapo alijua watu watapita, wala hakufikiri juu ya mguu utakaoteleza. Kitabu hichohicho, katika sura ya 19, chaamuru kuitengeneza njia ya kwenda katika miji ya makimbilio, ili aliyeua bila ya kukusudia aweze kufika akiwa hai. Sheria ya kale ilijali hata usalama wa mkimbizi mwenye damu mkononi. Seuze mkulima asiye na kosa ila ufukara?

Hapa ndipo lilipo suala lenyewe la falsafa, nalo ni zito kuliko lami. Wapo wanaosema, nao husema kwa moyo safi, hususa matangani, kwamba kila ajali ni mapenzi ya Mungu na kila aliyekufa njiani alikufa kwa ajali yake iliyoandikwa. Sitaki kuwavunjia staha waliofiwa, ambao kwao neno hilo ni faraja, na faraja ni haki ya mwenye msiba. Lakini neno linalofaa kinywani mwa mjane halifai kinywani mwa mhandisi, wala mwakilishi wa wadi, wala mwenye kutia saini malipo ya mkandarasi. Kuamini kadari hakukupata kuwa ruhusa ya kuacha tadbiri. Imesimuliwa juu ya Khalifa Umar bin al-Khattab kwamba alihofu kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu atakayejikwaa katika nchi ya Iraki kwa kuwa yeye, mtawala, hakumsawazishia njia. Na Umar alikuwa muumini wa kadari kuliko wengi wanaojisitiri nyuma yake leo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba barabara zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watu wa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Nchini Kenya peke yake wanaokufa wamezidi 4,000 kwa mwaka katika miaka hii ya karibuni. Kama mauti ni kadari tupu isiyosogezwa na mkono wa mtu, kwa nini kadari hiyo imshukie zaidi asiyekuwa na bati la kumkinga ubavuni?

Ajabu ni kwamba sehemu hii ya dunia ina deni kubwa kwa baiskeli, deni ambalo barabara zake hazijalilipa. Kutoka Bungoma hadi mpaka wa Uganda si mbali, na huko Busia, katika miaka ya 1960 na 1970, vijana waliokuwa wakiwavusha watu na mizigo juu ya karia za baiskeli, kutoka mpaka hadi mpaka, ndio walioianzisha kazi ya bodaboda ambayo leo yajulikana Afrika ya Mashariki nzima. Baiskeli nyeusi nzito, zile ambazo Wakenya huziita Black Mamba, zikatiwa tandiko la sifongo nyuma na vyuma vya kukanyagia, zikawa gari la mgonjwa, gari la bibi arusi, gari la mtoto wa shule, gari la jeneza. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na katika muda wa miaka michache abiria wakahamia kwenye pikipiki, na jina la bodaboda likahama pamoja nao. Baiskeli haikufa kwa hilo. Ilibaki kwa wale ambao hawakuweza kununua pikipiki, au walioinunua wakashindwa na bei ya petroli. Yaani ilibaki kwa maskini zaidi, wakulima wenye robo eka, wachukuzi wa maji, wauza maziwa, mafundi, walinzi wa usiku wakaao katika mitaa ya Mjini na Mashambani katika Bungoma, au Tuwan, Kipsongo na Matisi katika Kitale. Na kwa kuwa ilibaki kwa hao, macho ya wapangaji yaliacha kuiona, barabara zikapanuliwa kana kwamba hakuna tena aiendeshaye.

Nadhani ndiyo maana Katiba, katika Ibara ya 10, iliweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa pamoja na utu, usawa na haki za waliotengwa. Waislamu wanayo sura nzima iitwayo Shura, ambayo ndani yake wanasifiwa watu ambao jambo lao huwa ni la kushauriana. Walakini kushauriana kuna sura na kuna roho. Tangazo hubandikwa penye ofisi au huchapishwa gazetini, ukumbi hutengwa, saa hupangwa kuwa nne asubuhi, maji ya chupa huletwa, watu huhudhuria, daftari la mahudhurio hutiwa saini, na sheria yote huwa imetimizwa bighairi ya kuonekana mle ukumbini hata mtu mmoja aliyefika kwa baiskeli. Saa nne asubuhi mwenye tenga la nyanya yuko Chwele, anapatana bei na wachuuzi waliotoka mbali, na akiondoka pale atalala na njaa. Kumwita mahali ambapo hawezi kufika, kisha kuandika kwamba aliitwa akakosa kuja, ni kumtwisha lawama juu ya dhuluma.

Yatakiwa basi kwamba anayeshauri amwendee anayeshauriwa. Aende sokoni alfajiri, akae penye banda la fundi baiskeli, maana fundi huyo anajua kuliko ofisi yoyote ni wapi njiti zinavunjika na rimu zinapinda. Asimame penye kalvati watoto wa shule wanapolazimika kushuka. Aende msikitini baada ya sala ya Ijumaa na kanisani baada ya ibada. Na aongee Kibukusu na wazee kama Kiswahili chao ni kidogo. Hayo si mageni katika nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika lililoitwa Intermediate Technology Development Group, ambalo baadaye lilijiita Practical Action, lilishirikiana na baraza la manispaa ya Kitale katika kupanga upya mitaa ya Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa kwa kuketi na wakazi wenyewe, wapangaji wa vyumba na wachuuzi, watu ambao hapo kabla walihesabiwa kuwa tatizo la mji tu. Na katika Dar es Salaam, chama cha waendesha baiskeli kiitwacho UWABA kimeandaa misafara ya baiskeli barabarani, ili wenye kupanga mji waone kwa macho idadi ya watu ambao makaratasi yao hayawataji.

Wabukusu wana desturi ya khuswala kumuse, ambapo baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima zake, mfariji wa ukoo uliopewa kazi hiyo husimama mbele ya halaiki, akaachiwa nafasi ya kwenda na kurudi, akasema juu ya maisha na amani ya jamaa bila ya kukatizwa. Ni taadhima kubwa kwa neno. Katika mashauri ya barabara taadhima hiyo yapasa igeuzwe upande: wengi waseme, na yule mmoja mwenye kalamu ndiye akae kimya asikilize. Na kwa kimya hicho Kabuchai ina walimu karibu. Marafiki, ambao wamishenari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na ambao leo ni wengi zaidi Kenya kuliko katika nchi nyingine yoyote, wana utaratibu wa zamani wa kuamua mambo ya kanisa bila ya kupiga kura: kila mwenye neno hulisema, kimya hupita kati ya neno na neno, na karani wa mkutano haandiki uamuzi mpaka atambue kwamba mkutano umefika mahali pamoja. Utaratibu huo ni wa polepole, nami najua kwamba mwaka wa fedha haungoji. Lakini unamkinga mnyonge na jambo moja ambalo kura haiwezi kumkinga nalo, yaani kuzidiwa kwa idadi.

Kinga hiyo yahitajiwa, kwa sababu mahali penye ugumu wa kweli hapako kati ya tajiri mwenye gari na maskini mwenye baiskeli. Hapo hukumu ni rahisi. Ugumu uko kati ya maskini na maskini. Weka njia ya baiskeli kandokando ya barabara ya soko, na kabla ya wiki kwisha mama mwenye mafungu ya nyanya ataitandikia gunia lake, kwa kuwa pale ndipo wanunuzi wapitapo na hana fedha za kukodi kibanda. Na mpanda pikipiki ataingia humo kuwakwepa malori, kwa kuwa naye ana mke na watoto na hataki kufa. Nani mdhalimu hapo? Akija askari wa kaunti na rungu kuyamwaga mafungu ya mama yule ili kuisafisha njia ya baiskeli, atakuwa ameondoa udhia kwa mmoja na kuutia kwa mwingine, wala sioni mafunzo ya dini yoyote yanayomruhusu. Haki ya njia yamhusu aketiye kando yake kama imhusuvyo apitaye. Wakiketishwa pamoja mwenye baiskeli, mama wa nyanya na kijana wa pikipiki, watapata wanalokubaliana: kwamba njia ipite nyuma ya vibanda, au kwamba iinuliwe juu kwa ukingo wa mawe ambao pikipiki hazitaupanda kwa urahisi, au kwamba siku za soko pawe na saa za kuuza na saa za kupita. Wakipangiwa na mtu mwingine, kila mmoja atamwona mwenzake kuwa ndiye adui.

Na mwanamke aulizwe peke yake pia. Wanawake wapandao baiskeli Kabuchai ni wachache kuliko wanaume, na mtu wa haraka atahitimisha kwamba hawaitaki, ilhali wengine huizuia nafsi yao kwa kuogopa malori, wengine kwa kuogopa maneno ya watu, na wengine kwa kuwa baiskeli ya nyumba ni ya bwana. Sababu hizi tatu zina dawa tatu tofauti, na hakuna hata moja itakayotajwa mbele ya baba mkwe.

Nimewasikia wenye hekima wakisema kwamba kaunti yenye zahanati zisizo na dawa haipaswi kufikiria baiskeli. Hoja hii yastahili jibu la heshima. Nairobi, katika sera yake ya mwaka 2015 juu ya watu wa miguu na wapanda baiskeli, iliahidi asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara kwa ajili yao. Ahadi hiyo haikuomba fedha mpya, iliomba zilezile zigawanywe kwa insafu zaidi. Barabara ya Musikoma hadi Kanduyi, ambayo serikali ya kaunti ya Bungoma iliipanua, ilithibitisha kuwa fedha za kupanua barabara hupatikana zikitakwa. Tena aliyevunjika paja kwa sababu ya ukingo wa lami huishia katika zahanati ileile, akiitumia dawa ileile tunayoambiwa haitoshi, na shamba lake likabaki bila ya mpaliliaji kwa msimu mzima. Na asidhani mtu kwamba watu wa Uholanzi, wanaosifiwa ulimwenguni kwa njia zao za baiskeli, walizaliwa nazo: mwaka 1971 barabara za nchi yao ziliua watu wapatao 3,300, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto, na wazazi ndio waliotoka majumbani wakaziba njia kwa miili yao, wakaitaka serikali iache kuuza maisha ya watoto kwa bei ya mwendo wa kasi. Hawakuwa na elimu ya uhandisi. Walikuwa na dhamiri isiyokubali kuambiwa kwamba ni bahati mbaya.

Naziomba basi dhamiri za Kabuchai, nikianza na zilizo na mimbari. Imamu aliyeifundisha hadithi ya mwiba, na mchungaji aliyeisoma Torati hata akafika sura ya 22, na karani wa Marafiki ajuaye kungoja mpaka mnyonge aseme, wana neno ambalo mhandisi hatalitoa peke yake. Waandamane na vijana waende Chwele kabla ya jua kuchomoza, waandike kila shimo, kila kalvati na kila daraja wanaloonyeshwa na wenye baiskeli, na majina ya mahali hapo yaandikwe kama wakazi wanavyoyataja. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yaitaka kila kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Mwezi wa Agosti, ambao katika miaka inayogawanyika kwa mbili hujaza barabara za Wabukusu vijana wa tohara na njuga zao, ndio mwezi ambao mpango huo huandikwa. Mwenye neno juu ya njia ya Chwele na alifikishe Bungoma kabla mwezi huo haujaandama.